Nusu Sekunde Niliyoiongeza

"Siku hizi inakawia kidogo kusimama, lakini tumeizoea."

Aliyeniambia hivyo ni mama anayesimamia mashine ya tatu katika kiwanda kimoja cha sabuni ya unga, pembeni mwa barabara ya Lunga Lunga. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akinisimulia tu, kama mtu anavyokuambia kwamba mvua imechelewa mwaka huu, huku akipangusa vumbi la sabuni kwenye mlango wa mashine. Mimi nilikuwa nimepita hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Mkanda wa mashine jirani ulikuwa unavuta upande mmoja.

Nikamuuliza inakawia vipi.

Akanionyesha. Aliufungua ule mlango wa plastiki ngumu. Taya zinazofunga pakiti kwa joto zikaja, zikabana, zikaachia, ndipo mashine ikanyamaza. Akahesabu kwa sauti, "Moja," kisha akaingiza mkono kutoa pakiti iliyokwama.

"Lazima uhesabu kwanza," akasema. "Hata yule msichana wa shifti ya usiku nimemfundisha hivyo."

Hiyo "moja" yake ilikuwa nusu sekunde. Naijua kwa sababu niliiweka mimi.

## Wiki mbili kabla

Nilikuwa nimeitwa jioni, magari ya kwenda mitaani yakiwa tayari yameshona barabara. Mashine ya tatu ilikuwa inasimama ovyo: mara itembee saa nzima, mara isimame baada ya dakika tano. Mafundi wa zamu walikuwa wamebadilisha fyuzi, wamesafisha sensa, wamekaza skrubu za paneli. Kulikuwa na oda iliyotakiwa kupakiwa alfajiri, na meneja alikuwa anazunguka nyuma yangu bila kusema neno. Mtu akizunguka hivyo nyuma yako, mikono yako huanza kukimbia kuliko akili.

Nikaunganisha laptopu kwenye PLC, ile kompyuta ndogo ya kwenye paneli inayoiendesha mashine. Kwa ambaye hajawahi kuiona programu ya ngazi, yaani masharti ya mashine yaliyochorwa kama vipandio vya ngazi, ikitembea: palipo na njia iliyo wazi mstari huwa wa kijani, pasipo na njia huwa wa bluu, wa vistari vistari. Unakitazama kipandio kinachoiruhusu mota, sharti baada ya sharti. Joto limefika, hewa ina presha, mlango umefungwa, kitufe cha dharura hakijabonyezwa. Yote kijani. Kisha mashine inasimama, na kabla hujakodoa macho yote yamerudi kijani.

Jicho haliwezi kukamata kitu kinachotokea kwa milisekunde chache, lakini PLC inaweza. Inasoma maingizo yote, inapitia programu kutoka juu hadi chini, inaandika matokeo, inaanza upya, na mzunguko wote huo kwa kawaida hauzidi milisekunde chache. Kwa hiyo niliandika mtego. Kila sharti nililipa biti yake, alama ndogo ya ndiyo au hapana, inayojifunga iwapo sharti hilo ndilo la kwanza kutoka. Nikaiwasha mashine, nikangoja.

Ilisimama baada ya dakika kumi na nane. Mtego ukaonyesha I0.4. Swichi ya mlango.

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyeugusa.

Nimerudi kwenye dakika hiyo mara nyingi sana wiki hizi. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha, na niliifanya sawasawa. Mtego ulikuwa umenionyesha mahali penyewe, nami nilikuwa hatua sita kutoka pale, na mita ya kupimia umeme mfukoni. Niliutikisa mlango mara mbili. Mstari haukupepesa. Nikajiambia ni mtetemo, kontakti za swichi, vile vipande vinavyogusana kupitisha umeme, zinaruka, ni kelele tu. Nikaongeza taima ya kuchelewesha kuzima, milisekunde 500: ingizo la mlango likitoka na kurudi ndani ya nusu sekunde, programu ihesabu kwamba halikutoka.

Mashine ilitembea usiku kucha. Asubuhi nilikuta ujumbe kwenye simu: "Injinia, uko juu."

Niliusoma zaidi ya mara moja. Nilifurahi kwelikweli.

## Ngazi iliachwa ifanane na waya

PLC ya kwanza, ile iliyoitwa Modicon 084, ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Bedford Associates, ambako Dick Morley alikuwa mmoja wa waasisi. Mwaka 1968 kitengo cha giaboksi cha General Motors kilikuwa kimetoa maelezo ya kitu kilichokuwa kinakihitaji: kifaa cha kuchukua nafasi ya makabati ya relei, swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme. Kila walipobadilisha modeli ya gari, mafundi walilazimika kufungua makabati hayo na kuvuta waya upya, relei kwa relei. Modicon 084 ikawa tayari mwaka 1969.

Lugha yake iliachwa ifanane na michoro ya relei ambayo mafundi wa umeme walikuwa wanaisoma tayari. Ndiyo maana mpaka leo, hata baada ya kiwango cha kimataifa cha lugha za PLC, IEC 61131-3, kutoka mwaka 1993 na kuziweka lugha tano mezani, fundi aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi hapa Nairobi anaweza kuketi mbele ya programu ya ngazi na baada ya saa moja akaanza kuelewa. Kontakti imechorwa kama kontakti. Koili ni koili.

Nimeipenda lugha hii tangu siku ya kwanza, na bado naipenda. Lakini kuna jambo la lile kabati la zamani ambalo halikuhamia kwenye laptopu.

Zamani, ungetaka kuchelewesha mlango kwa nusu sekunde, ungehitaji kununua taima. Ungeitafutia nafasi kwenye reli ya paneli, ungevuta waya nne, ungechora upya mchoro. Kesho yake fundi mwingine angefungua kabati, akaona kijisanduku kipya kimekaa pale ambapo jana hapakuwa na kitu, akauliza: hii ni ya nini?

Mimi niliiweka yangu kwa dakika mbili. Nikafunga laptopu, nikaenda zangu. Paneli ilibaki vilevile, haina hata alama ya bisibisi.

## Kitu nilichokariri bila kukielewa

Nilijifunza PLC usiku, baada ya kazi, kwa CODESYS, programu ya kuandikia PLC, iliyokuwa na kiigizo ndani yake, hivyo sikuhitaji kifaa chenyewe. Baadaye nikanunua vifaa kidogo kidogo: relei, vitufe viwili, taa tatu, chanzo cha umeme wa volti 24. Nikavifunga juu ya ubao. Mke wangu aliuita ubao huo mgeni wetu, maana ulikaa mezani tukala pembeni yake miezi minne.

Zoezi la kwanza ni lilelile kwa kila mtu: kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuzima, mota inayojishikilia. Na hapohapo ndipo wengi hukwama. Kitufe cha kuzima hufungwa kwa kontakti iliyofungika, yaani umeme unapita muda wote mpaka ukibonyeze. Kwa hiyo ndani ya programu unakiandika kama kontakti ya kawaida iliyo wazi, kinyume kabisa na mtu anavyotarajia. Nilikosea zoezi hilo siku nzima. Nilipolipata, nikalikariri: nje kimefungika, ndani andika wazi. Nikaendelea na masomo ya taima, vihesabio, taa za barabarani.

Sikuuliza kwa nini.

Sababu ni waya. Waya wa kitufe cha kuzima ukikatika, ukiliwa na panya, ukichomoka, PLC itaona jambo lilelile ambalo ingeona kama mtu angebonyeza kitufe. Mashine itasimama. Ukikifunga kwa namna nyingine, waya ukikatika hutajua lolote mpaka siku ya kukihitaji kile kitufe, na siku hiyo utabonyeza, ubonyeze tena, mota inazunguka tu.

Sensa za presha na joto zinazotuma mkondo wa miliampia 4 hadi 20 zimejengwa kwa fikra hiyohiyo. Mwanafunzi huuliza kwa nini isianzie 0. Ikianzia 0, tangi tupu na waya uliokatika vitatoa jibu moja. Ikianzia 4, tangi tupu linasema 4, na 0 ina maana moja tu: kuna kitu kimevunjika.

Watu waliotangulia katika kazi hii walikaa wakawaza juu ya siku ambayo waya utakufa, wakapanga ufe ukipiga kelele.

Swichi ya mlango wa mashine ya tatu ilifungwa hivyohivyo. Mlango ukifungwa umeme unapita, ukifunguliwa umeme unakatika. Waya wake ulikuwa unakufa, na ulikuwa unapiga kelele kama ulivyopangiwa, mara tatu kwa saa. Mimi ndiye niliyeiambia mashine isiusikilize kwa nusu sekunde.

Kwenye kiigizo waya hauchakai. Sijui kama hicho ni kisingizio. Nilipokuwa najifunza, kila ingizo lilikuwa kweli tupu: nikilibofya ni moja, nikiliachia ni sifuri. Kwa hiyo mashine iliposimama, akili yangu ilitafuta jibu mahali nilipozoea kukuta majibu, ndani ya programu. Hata baada ya mtego kunielekeza nje, bado nilikwenda kuitibu nje nikiwa ndani.

## Mita moja

Usiku wa siku ile aliponionyesha, nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuandika ile taima.

Mashine inafunga pakiti 40 kwa dakika. Taya zinabana mara moja kila sekunde 1.5. Ukifungua mlango wakati wowote, mashine ikaendelea kwa nusu sekunde, kuna nafasi moja katika tatu kwamba taya zitabana kabla haijasimama.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855, kinachotumika kupanga umbali kati ya kinga na sehemu ya hatari, huchukulia kwamba mkono wa mtu ulio karibu unaweza kwenda kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Nusu sekunde ni mita moja. Kutoka kwenye mlango ule hadi kwenye taya ni kama urefu wa rula ya mwanafunzi.

Mita moja nilimpa, na taya ziko sentimita thelathini.

Na taya zile ni za moto. Hubana, na huchoma.

Sikulala vizuri. Nilikuwa naona mkono wake, ile pete nyembamba ya shaba, na vumbi la sabuni kwenye vifundo vya vidole.

## Bawaba

Sijasimulia nilichofanya palepale, maana si sehemu ndefu. Niliisimamisha mashine, nikazima swichi kuu na kuitia kufuli, nikachomoa kebo ya mlango kwenye terminali na kuweka mita kwenye mlio. Mlango ukiwa umefungwa, mlio. Nikauacha umefungwa, nikaishika kebo pale inapopinda kwenye bawaba na kuikunja polepole kwa vidole. Mlio ukakatika. Nikaiachia, ukarudi.

Nilipoichuna, ganda la nje lilikuwa zima kabisa. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote, zimebaki mbili au tatu zinazogusana kwa bahati, na mashine ikitetemeka zinaachana. Kila mlango ulipofunguliwa kebo ilipinda mahali palepale. Wakati ule nilipoutikisa mlango usiku wa oda, nilitikisa upande wa komeo. Kwenye bawaba sikugusa.

Kebo laini ya mita mbili, na chini ya saa moja. Taima nikaifuta.

Mama alikuwa amesimama kando akinitazama. Akasema, "Ilianza tangu walipobadilisha hiyo bawaba."

Nikamwuliza kama aliwahi kumwambia mtu. Akasema hakuna aliyeuliza.

Kweli. Usiku ule niliwauliza mafundi wa zamu, nikamuuliza meneja, nikaiuliza PLC kwa mtego niliojivunia. Yeye alikuwa amekaa kwenye kreti hatua tatu kutoka kwangu, akingoja mashine iwake ili apate saa zake.

## Kilichonisumbua hasa

Nilimweleza meneja ukweli wote. Alisikiliza, akanyamaza, akasema, "Lakini ilikuwa inafanya kazi."

Simlaumu, kwa sababu ndivyo nami nilivyojiambia kwa wiki mbili. Nikamweleza tofauti ya kitufe cha dharura na mlango. Kitufe kilikuwa kinakata kontakta kuu, swichi kubwa inayopitisha umeme wa mota, moja kwa moja kwa waya, bila kuomba ruhusa ya programu. Mlango ulikuwa umeishia kwenye PLC peke yake. Mlango unaolinda vidole vya mtu hautakiwi kumtegemea mtu kama mimi mwenye laptopu na haraka. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe, na kinga ambayo programu inaweza kuilegeza kwa dakika mbili mimi siiiti kinga tena. Alikubali. Swichi mpya yenye jozi mbili za kontakti ilifungwa wiki iliyofuata pamoja na relei ya usalama, na sasa mlango ukifunguliwa umeme wa mota unakatwa hata PLC ikiwa na maoni mengine.

Upande wa ufundi uliishia hapo. Mimi sikutulia.

Kila nilipokuwa kwenye gari nikirudi nyumbani, nilikuwa nasikia lile neno: tumeizoea. Nilibadilisha tabia ya mashine, na watu wenye mikono ndani ya mashine hiyo hawakuambiwa. Wakaigundua wenyewe, bila chombo chochote, wakaipima kwa mdomo, wakabuni kinga yao ya kuhesabu "moja", na wakaifundisha kwa wengine. Walifanya kazi ya uhandisi ambayo mimi niliiacha. Na mama yule aliamini kwamba mashine imezeeka.

Siku nilipotengeneza kebo nilimwambia, "Sasa iko sawa, mama." Sikumwambia ilikuwaje ikawa si sawa. Maneno yalifika kooni, nikakusanya bisibisi zangu.

Tangu hapo nimebadilisha mambo mawili. Kila ninapogusa programu ya mtu, naandika ndani yake tarehe, nilichobadilisha na sababu, kisha naandika hayohayo kwa kalamu kwenye karatasi ninayoibandika ndani ya mlango wa paneli, ili kabati lipate tena ile alama ambayo taima ya zamani ingeiacha. Na kabla ya kufungua laptopu namtafuta anayeisimamia mashine, namuuliza ilianza lini, na nini kilibadilishwa karibu na siku hiyo. Nimeshapata majibu mawili kwa njia hiyo bila kuunganisha kebo ya mawasiliano.

Hata hivyo deni lilikuwa palepale.

## Jumamosi

Nilienda Jumamosi iliyopita, karibu na mwisho wa shifti ya mchana. Nikamkuta akifagia chini ya mashine.

"Habari ya kazi, mama."

"Mzuri, injinia. Imeharibika nini leo?"

Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Nikamwambia kwamba ule ukawiaji haukuwa uzee wa mashine, kwamba ni mimi niliyeuweka usiku wa ile oda, nikitaka itembee, na kwamba ningeweza kumuunguza mkono. Nikasema samahani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nilikuwa hata nimeitamani.

Aliegemea fagio. Alinitazama kwa muda.

"Na yule wa usiku umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

"Basi ngoja. Anaingia saa kumi na mbili."

Tukangoja. Alinipa kreti nikae. Akaniuliza mashine inajuaje kwamba mlango umefunguliwa, nikafungua laptopu, nikamwonyesha kile kipandio. Akafungua mlango, mstari ukageuka bluu. Akafunga, kijani. Akafanya hivyo mara nne au tano bila kusema kitu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo cha laptopu, juu kabisa ya I0.4, akauliza, "Ni hapa ndipo ulipoichelewesha?" Nikasema ndiyo, hapo hapo.

Msichana alifika akifunga aproni, ana miaka ishirini hivi. Mama akamweleza yeye mwenyewe, kwa maneno machache kuliko yangu, na bila kunitaja kwa ubaya. Mashine ikawashwa. Baada ya muda pakiti ikakwama kama kawaida. Msichana akafungua mlango, na taya zikasimama palepale zilipokuwa, hewani, hazijafika.

Alikuwa ameshainua mkono. Ukasimama mlangoni. Nikaona midomo yake ikitamka, "Moja."

Nilianza kumwambia kwamba siku hizi hakuna haja.

"Mwache," mama akasema. "Mwache ahesabu."